Ndege Moja ya Kinshasa

Jana nilirudi mara ya nne kwenye dirisha la tiketi za ndege hapa kwetu Manika, mutoto mugongoni, juu moyo wake unapiga vibaya na munganga wa moyo yuko Kinshasa.

"Ndege ni moja tu, mama," muuzaji akasema. "Ikikuya, imekuya."

Mugeni mmoja wa mugodini akacheka nyuma yangu: "Kwetu makampuni ya ndege yanagombania batu!"

"Huku, tata, batu ndiyo banagombania ndege," muuzaji akamujibu.

Wote tukacheka, mimi kwa woga. Kisha muuzaji akanisukumia karatasi: "Andika jina la mutu wa kukupokea kule."

Kinshasa sijui mutu hata mmoja. Nikaogopa watatunyima kiti, basi nikaandika jina la mutoto wangu huyu wa mugongoni.