Povu Lililonitangulia kwa Ami Hamed

Kucheka chekeni, nshazoea, maana aibu niliyoipata mie siku ya tatu ya Idi sijui kama imempata mtu mzima mwingine mwenye ndevu zake, lakini kabla hamjacheka jueni kwamba wenye makosa ni wawili na majina yao nnayataja: Khalfan, mtoto wa ami yangu, na Zuwena, mke wangu. Mie niliteleza tu. Waliosukuma ni wao.

Wakati huo tulikuwa na mwaka na kitu tangu tutoke Unguja (tulitoka na roho zetu na kikapu kimoja, na waliotutoa nao nnawajua kwa majina, ila hao si wa leo), tumepewa chumba Sidab, kwa wavuvi wa Muscat, mie nnawakaushia watu papa. Kukaa kwetu kulikuwa kwa kuning'inia, kwani sisi wa Unguja tukiangaliwa kama wageni, na mgeni asiye na wa kumdhamini huambiwa arudi alikotoka, na nilikotoka mie hakurudiki. Tumaini letu lilikuwa mzee mmoja tu, Ami Hamed, binamu wa marehemu baba, mkubwa wa kijiji cha mlimani nyuma ya Bawshar. Akisema "huyu wetu", tumepona. Akinyamaza, tumekwisha.

Basi Khalfan, aliyetutangulia kuja na kujifanya Muscat kaijenga yeye, akatwambia twende matembezi ya Idi kwa gari la mizigo la rafiki yake, tule ufukweni Qurum, kisha tupande kwa Ami Hamed nikajulishwe.

Nnakwambieni, siku ile macho yangu yalishiba. Milima imesimama mitupu, haina jani, myeusi na myekundu kama vyungu vilivyotoka motoni, na mie niliyezoea minazi na mikarafuu nikajiuliza watu wa huku Mungu kawapa nini, mara gari likapinda na bahari ikafunguka, mchanga unakwenda mpaka jicho linachoka, hakuna nyumba, hakuna mtu, na pembeni mikoko (mikoko, jamani, kama ya kwetu) nikageuza uso nisionekane. Hata Zuwena alinyamaza, na hilo peke yake ni muujiza.

Halafu tukaacha gari tukapanda kwa miguu, jiwe juu ya jiwe, mpaka mitende ikatokea katikati ya majabali, kijani cha kuumiza macho, na chini yake maji yanakimbia. Huo ndio falaji, mfereji mwembamba unaotoka ndani ya tumbo la mlima na kupita kijiji kizima. Nilisimama nikasema Subhanallah, maana katika nchi ile kavu sikutegemea kusikia maji yakizungumza.

Ningebaki nimesimama pale mngekuwa hamna la kucheka. Lakini Zuwena akaninusa. "Baba Rehema," akasema, "mkono huo unaonuka papa ndio utakaompa mkubwa wa ukoo? Kaoge," akanitia kiganjani sabuni ya kunukia, mpya. Nikamwuliza Khalfan pa kuogea, naye hata kichwa hakuinua, akanambia nende juu, mtu kadiri anavyopanda ndivyo maji yanavyokuwa safi.

Ni kweli. Na nilipanda mpaka pale maji yanapotoka jabalini, ya vuguvugu, nikaketi ndani na kikoi changu nikajipaka sabuni, povu likajaa, likashuka na mfereji linang'ara juani, zuri hata nikajipaka mara ya pili ili nilitazame tena. Niliona kama nnaoga dhiki zote.

Kumbe maji yale yana daraja zake: juu ni ya kunywa peke yake, chini yake ya udhu, kisha ya kuoga wanaume, kisha wanawake, kisha nguo, mwisho mitende. Mie nimewakalia wote kichwani. Povu langu likawafikia wanawake wakiteka, wakamwaga mitungi, likafika msikitini adhuhuri, na Ami Hamed (hili nilisimuliwa, na nnasimuliwa mpaka leo) akakinga maji viganjani, akanawa uso, ndevu zote zikanuka waridi.

Wakapanda kulifuata povu. Mie nimefumba macho, kichwa cheupe kwa povu, nnaimba. Nikasikia mtu kakohoa nyuma yangu, nikadhani Khalfan.

"Yakhe," nikasema, "hebu nisugue mgongo."

Nikafumbua jicho moja. Wanaume wa kijiji kizima wamejipanga, na mbele yao mzee wa ndevu mbichi.

Khalfan akapenya haraka. "Ami, msamehe, huyu mgeni, mshamba wa Unguja, hajui falaji. Nilimkataza."

Nilimkataza! Mzee akampita, akaniuliza mie jina la baba, nikamtajia, la babu, nikamtajia, na povu linaniingia mdomoni. Nami nimeshika kikoi kwa mikono miwili, nawaza tutahamia wapi tena.

"Mgeni akituchafulia maji," akasema, "tunampa kahawa na tunamsamehe. Huyu wetu, na hana adabu. Mpeni ufagio."

Wakageuza maji yapite kwingine, nikashuka mferejini nikasugua mawe toka jabalini mpaka msikitini hata alasiri, mgongo unaniuma, na wanaume wawili wa kijiji, rika langu, wameingia nami wanasugua na kunitania, eti nikaze mkono, ndevu za Ami zishanukishwa, sasa niyanukishe na mawe. Khalfan amekaa mkekani kivulini anaandaliwa halua na kahawa, kikombe baada ya kikombe, ananicheka mpaka machozi. Alikuwa bado anacheka tulipofika garini, ndipo Zuwena akamwuliza yeye miaka yote hii kijiji kile kimepata kumpa ufagio lini.

Tangu siku ile maji yanayokwenda siyatii hata kidole kabla sijauliza nani yuko chini yangu. Na Khalfan akipanda nami kule, mpaka leo hutandikiwa mkeka.