Kigoda cha Nangara

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkutubi wa Wilaya, Bwana Sanga, alinikabidhi brashi na bakuli la gundi ya unga wa ngano. "Mama Neema," alisema, "kitabu kikikatika mgongo kimekufa. Tuanzie hapo." Ndivyo nilivyojifunza ukutubi hapa Babati: kwanza kuunga migongo, kisha kuainisha, yaani kukipa kila kitabu namba ya somo lake ili kikae na wenzake rafuni.

Bwana Sanga alikuwa mtu wa Makete, mbali kusini, mgane asiye na mtoto. Mapenzi yake yalikuwa vitu vya kale. Jumamosi alizunguka Sigino na Bagara kwa baiskeli, akarudi na vibuyu, pasi za mkaa na saa zisizotembea. Alivipanga chumba cha nyuma, kila kimoja na kibandiko chake.

Kisha akaleta kigoda cha miguu mitatu kutoka Nangara. Kilikuwa cha marehemu Mzee Bura. Mjukuu ndiye aliyekiuza. Hiki hakukiweka chumba cha nyuma. Alikikalia. Haukupita muda akaacha chai, akaanza kunusa ugoro, na akawa anainamisha kichwa kana kwamba anasemeshwa.

Mchana mmoja alikuja Mama Safari, binti wa marehemu, kukidai. Alipiga hodi mlangoni kwa Kigorowa, lugha ya wenyeji wa huku. Bwana Sanga, akiwa ametugeuzia mgongo, alimjibu kwa Kigorowa, maneno mengi, taratibu. Huyu bwana hakujua hata salamu ya lugha ile. Mama Safari aliangusha kikapu.

"Amesema nini?" nilimuuliza.

"Ananiuliza kama ng'ombe mwekundu amezaa. Baba alimwacha ana mimba."

Nikamgeukia bosi wangu. "Mzee, mpe kigoda chake aende nacho."

Hakubisha. Alimpa kwa mikono miwili, akavaa kofia, akatoka nyuma yake.

Aliendelea kuja kazini, na kazi yake haikuwa na kasoro. Ila kila tulipofunga alielekea Nangara, nyumbani kwa marehemu Mzee Bura, na alipostaafu alihamia huko moja kwa moja. Nilimtembelea. "Shikamoo, Bwana Sanga." Aliitikia marahaba kwa upole, kisha akamgeukia Mama Safari na kumuuliza jambo kwa Kigorowa. Mama Safari aliona haya kunitafsiria. Alikuwa ameuliza mimi ni nani.

Nami sasa nimestaafu. Vijana hutafuta vitabu kwenye simu, na sioni ubaya. Huwa nawaambia tu kwamba kitu kilichoshikwa sana na mtu kipokelewe kwa adabu.

Mwaka jana Bwana Sanga alifariki. Kaburini katekista aliuliza jina la kuandika msalabani. Nikasema, "Sanga." Watoto na wajukuu wa Mzee Bura, waliokuwa wakimlilia baba na babu yao, waligeuka, wakanitazama kama mgeni aliyekosea msiba.