Kichwa Kutoka Ukutani

Muuza vifaa vya kamera wa Kahama hauzi kichwa cha stendi ya kamera bila kukipuliza vumbi na kukizungusha karibu na sikio lake. Vidole vyake vinene hugusa skrubu taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga shati. Nilimwambia kesho yake ningepiga picha mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya Wasukuma, kule Bugarama, kazi yangu ya kwanza.

"Watazamaji hukimbilia kundi linalong'ara," alisema. "Stendi ya miguu mitatu wataikanyaga. Chukua ya mguu mmoja, na kichwa cha kuinama mbele na nyuma tu. Kwenu ni kundi gani?"

"Bagika."

"Pole, mwanangu! Kesho mnalia!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akapekua rafu zote. Kichwa hicho hakikuwepo. Akashusha stendi yake mwenyewe ukutani, akafungua kichwa chake na kukikaza kwenye ile ya mguu mmoja niliyonunua.

"Na wewe kesho?" nikauliza.

"Nilitaka kuwapiga picha Bagalu wangu. Nitatazama kwa macho."

Kesho yake umati ulipokimbia, niligeuka nao bila shida. Picha ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya Bagalu, na nilimtumia muuzaji papo hapo kwa simu.