Mgongo wa Fundi Viatu

Yule mchora mabango wa ng'ambo ya barabara hunoa penseli kwa kisu cha vitunguu, na kabla ya kuchora hupitisha kidole hewani mara tatu, kama anayempapasa paka asiyeonekana. Akishagusa karatasi hanyanyui mkono, na ufutio hana. Mjane wa fundi viatu alimwendea kwa sababu marehemu hakuacha hata picha moja, na wajukuu wameanza kuuliza babu yao alikuwaje.

"Uso siukumbuki vizuri, mama. Miaka yote nilimwona mgongo tu, kainamia viatu vya watu."

"Sasa nani anatundika mgongo ukutani?"

Mchoraji akapitisha kidole hewani mara tatu. Mstari mmoja ukashuka kutoka kisogoni, ukalegea kwenye bega la kushoto, ukapinda kiunoni, ukakaa juu ya kigoda. Basi. Mjane akasogea karibu. Bega lile lilishuka hivyo hivyo kila mzee alipoitwa akajifanya hasikii.

Akaiinamia karatasi. "Haya geuka, baba watoto, chakula kinapoa."