Nilivyohesabu Malaba nzima kuwa wachimbaji wa mafuta

Wakuu, salamu kutoka mpakani. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Chumvi nimeweka kidogo tu, ya kuonja.

Niliwahi kuamini kabisa kwamba chini ya daraja la Malaba kuna kisima cha mafuta. Ile foleni ya malori ya matanki, inayoanzia mpakani na kuishia karibu na mwisho wa dunia? Tuliambiana yanangoja kujazwa. Msicheke. Nani hupanga foleni mahali hakuna kitu?

Basi nikapata kibarua cha survey: kuhesabu watu wa Busia walioajiriwa kwenye uchimbaji wa mafuta na gesi. Mimi, graduate wa evening class! Tai nilivaa hadi chooni.

Nikahesabu madereva. Nikahesabu maturnboy, wasaidizi wao. Mama wa chai pia, kwa sababu bila chai dereva haendi popote. Jamaa mmoja wa Mombasa nilimhesabu akienda Uganda, akirudi nikamhesabu tena.

"Boss, si uliniuliza juzi?"

"Hiyo ilikuwa shift ya kwenda."

Jioni nikapitia kwa mjomba Emojong. Wazee wamezunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Nikatangaza: kwa kazi za kuchimba mafuta, county yetu imepiga Kenya yote!

Mjomba akatoa mrija mdomoni. Kwetu Teso, hilo si jambo dogo.

"Basi nauza ng'ombe wa kulima, wote wawili. Binti yangu Amoit aache hiyo nursing, akasomee kuchimba mafuta."

Mama Amoit akauliza, "Na shamba utalima na nini? Na huo mrija?"

Hakusikia. Jumamosi mnunuzi akafika kutoka Nambale. Alikuwa ameshika kamba tayari, Amoit analia jikoni, wakati supervisor wangu alipopiga simu. Kwa majivuno nikaweka loudspeaker, wazee wasikie nikipongezwa.

Leo ng'ombe wanalima, Amoit yuko nursing, na mjomba ananiita Waziri wa Mafuta mbele za watu. Nimejifunza: kabla hujahesabu, uliza unahesabu nini. Na wewe uliyewahi kuhesabu hewa, shuka hapo chini utuambie, nisiaibike peke yangu.

Na kwenye ile loudspeaker, dada supervisor alisema hivi, polepole, boma zima likisikia:

"Kaka, kuchimba ni kutoa mafuta ardhini. Hapo Malaba yanapita tu. Andika sifuri."