Mwendo wa Pole Hadi kwa Sainaba

Kuna Ijumaa moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, natamani ingekuwa Jumatatu. Siku hiyo mimi na bibi yako tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha nyumba ndogo ya vigae, nje kidogo ya mji wa Tirur, kusini mwa India, na mwenye nyumba alikuwa akitutazama bila hasira na bila furaha.

Nakuita mwanangu nawe utacheka, Nasri, maana nimekupita miaka michache tu, na juzi uliniambia kwamba mtu aliyemaliza chuo akarudi kukaa kwao Azaiba kungoja kazi hana la kumfundisha mwenzake. Huenda ni kweli. Nimelifikiri neno lako hilo kuliko linavyostahili. Lakini mama yako ni dada yangu, na mdogo wa mama ni mama, hata akiwa hana kazi. Basi nisikilize. Unataka kwenda kusini mwa India mwezi mzima bila mpango, upande treni za polepole, uteremke panapokupendeza, uzungumze na watu. Umeniomba majina ya miji. Miji nitakutajia. Ila kwanza ujue safari tuliyokwenda sisi, kwa sababu wewe umeona picha zake tu, maji na minazi na bibi yako anacheka, na picha haikuonyeshi nani alikuwa akingoja mwisho wa njia.

Sainaba hukumjua. Alikuwa mfanyakazi wetu huku Azaiba, Maskati, kabla hujazaliwa, mwanamke wa Malabar, huko huko kusini mwa India, Mwislamu, mkimya. Ndiye aliyenilea mimi. Kiswahili alijifunzia jikoni kwetu, na kwa kuwa alijifunza kwa kuamrishwa, maneno yake ya mwanzo yalikuwa lete, weka, funika, ngoja. Mwaka wa harusi ya mama yako alipata habari kuwa mama yake mzazi anaumwa sana. Akamwomba babu yako ruhusa aende. Paspoti yake ilikuwa kabatini kwa babu yako, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi.

Babu yako hakumkatalia. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu hakuwa mtu mkali. Alimwambia kwa upole, "Ngoja kidogo, Sainaba, harusi ipite. Haraka haraka haina baraka." Harusi ikapita. Wageni wa Unguja wakaongeza wiki, nao walitaka kupikiwa. Wageni walipoondoka, nyumba ilitaka kusafishwa. Alipopewa paspoti yake, mama yake alikuwa ameshazikwa.

Hakuna aliyelitaja jambo hilo nyumbani kwa miaka mingi. Kisha babu yako akaugua, na siku zake za mwisho, wakati alipokuwa hamtambui hata daktari, alilirudia jina moja. Akamwambia bibi yako, "Nitakieni radhi kwa Sainaba." Unajua ilivyo kwetu, maiti anapotolewa nyumbani watu huombwa wamsamehe, na wote huitikia kwamba wamesamehe. Lakini Sainaba hakuwepo kuitikia. Haki ya mtu iko mkononi mwa mwenyewe, na Mungu hamruhusu mtu mwingine aitoe kwa niaba yake.

Bibi yako alipotoka eda, aliniomba nifuatane naye. Nilimtafuta Sainaba mpaka nikapata simu yake. Nikamweleza, kwa maneno niliyoyapanga siku nyingi, kwamba tunakuja kumtakia radhi marehemu. Akasema, "Njooni Jumatatu." Basi. Usiku huo nililigeuza neno hilo kila upande, nikijiuliza kama lilikuwa la kukaribisha au la kuhukumu.

Tulishuka Kochi siku ya Alkhamisi. Tirur iko kaskazini, saa chache tu kwa treni. Bibi yako akasema kwanza tuteremke kusini, Alappuzha, tukaone maji.

Sikuona ubaya. Mwenda pole hajikwai, na tulikuwa na siku. Tukapanda treni ya kila kituo, madirisha wazi, upepo umejaa harufu ya udongo uliolowa. Ndani ya saa moja bibi yako alikuwa amepakata mtoto wa mtu. Mama wa mtoto alimpa ndizi za kukaanga zilizochovywa kwenye unga, naye akampa tende za Nizwa, na wakazungumza safari nzima, huyu Kimalayalam, huyu Kiswahili, wakielewana kwa mikono na kwa kucheka. Alappuzha alikaa na mwanamke anayeuza wanja wa kujitengenezea, akajaribu, akanikodolea macho yake meusi. "Nimekuwa bibi harusi?" Nikamwambia amekuwa paka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu msiba, na ndiyo picha ile uliyoiona wewe.

Sijui nilianza kuelewa siku gani. Nafikiri ni Jumapili, pale alipopata fundi wa kushona, mwanamke mjane mwenye cherehani mlangoni, akachagua kitambaa cha kanzu, na fundi akasema kanzu itakuwa tayari Jumanne.

"Mama, kesho Jumatatu," nikamwambia.

"Najua kesho Jumatatu. Kalenda ninayo."

"Tunangojewa."

"Sainaba hana pa kwenda, mwanangu. Atatungoja." Kisha akamrudia fundi, akamnyooshea mkono apimwe.

Ndipo nikaona kwamba kila tulivyokaribia siku ile, ndivyo alivyozidi kuwapenda watu wa njiani. Alikuwa akiogopa, na woga wake ameuvika nguo ya ukarimu. Mtu akituona angesema, tazama mama huyu, anajua kusafiri, hana papara. Nilishika simu nimwarifu Sainaba. Nikaandika, nikafuta. Nikaona ujumbe utakuwa baridi, nikaona kupiga kutakuwa usumbufu, nikaona labda kweli tutaondoka kesho na hapatakuwa na haja. Mwenye kufikiri sana ana udhuru wa kila aina.

Kanzu ilikuwa tayari Jumanne. Jumatano bibi yako alisema miguu imevimba, na kweli ilikuwa imevimba kidogo. Alkhamisi tukapanda treni kwenda kaskazini, tukabadili Shoranur, na kule tukamkuta muuza chai mmoja aliyekuwa dobi Ruwi zamani. Aliposikia tunatoka Maskati, alizungumza Kiarabu cha Ghuba kwa furaha kama mtu aliyekiokota tena.

"Watu wa Maskati huja huku hospitali, mama," alimwambia bibi yako, nami nikimfasiria. "Weye unaumwa nini?"

"Mie mzima, baba. Nnatembea tu."

"Ah. Kutembea." Akamimina chai kutoka juu mpaka chini bila kumwaga tone. "Mimi Ruwi nilikaa mpaka mtoto wangu akaniita mjomba. Mke wangu alikuwa akinambia, wewe huko unafanya kazi, mimi huku kazi yangu kungoja, na mshahara wake siuoni."

Bibi yako akacheka, akamsifu kwa chai yake. Kisha akaniambia kichwa kinamuuma, tulale hapo Shoranur, kesho si mbali.

Tukafika Ijumaa, baada ya sala.

Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nimwiteje. Utotoni nilimwita Sainaba, jina tupu, kama tulivyofunzwa. Mlangoni nilisema, "Shikamoo, Bi Sainaba," na akanitazama kidogo kabla ya kuitika. Bibi yako alimkumbatia. Naye alikumbatia, mikono yake ikaugusa mgongo wa bibi yako halafu ikashuka.

"Mmetembea vizuri, Bi Zuwena?" aliuliza. Kiswahili chake hakikupotea hata kidogo. Kilikuwa cha nyumbani kwetu kabisa, kwa sauti ya bibi yako.

"Vizuri, wallahi. Nchi yenu nzuri. Na watu wenu wakarimu mno."

"Ndiyo. Wakarimu."

Akatuletea chai ya rangi na biskuti. Bibi yako, kwa kutaka kuchangamsha, akachungulia jikoni. "Hukutupikia, Sainaba? Mie nnakumbuka wali wako mpaka leo."

"Nilipika Jumatatu."

Bibi yako akaweka kikombe chini, akaanza maneno yake. Kwamba amekuja na neno la marehemu. Sainaba akamkatiza, taratibu.

"Neno lenyewe nnalijua, Rahma alinambia kwenye simu. Ndiyo nikawaita ndugu zangu. Mama hakuwa wangu peke yangu, Bi Zuwena. Tumezaliwa watano, na kila mmoja ana machungu yake, maana walimwambia mama ninakuja, akawa anauliza mlangoni nani huyo. Kaka yangu alikuja kwa basi kutoka Mangalore, na mguu wake mbaya. Tukasema, watu wamevuka bahari kutaka radhi, si jambo dogo, tuwape tukiwa wote. Jumatatu tukakaa hapa mlipokaa nyinyi. Jumanne tukakaa. Jumatano kaka akaniuliza, hao wamekufa njiani? Nikamwambia hapana, nawajua, watakuja. Akanicheka. Akasema, dada, wewe bado unawafanyia kazi. Jana asubuhi wameondoka."

"Nilichelewa kidogo," bibi yako alisema. "Miguu, mwanangu. Na joto."

"Mngepiga simu."

Bibi yako akanitazama. Mimi nikaitazama biskuti.

"Basi toa weye, Sainaba. Weye ndiye uliyekaa kwetu. Weye ndiye marehemu aliyekutaja."

"Ya kwangu nilikuwa nayo Jumatatu. Niliamka alfajiri nikajiambia, leo nnaitoa, niipumzishe roho yangu. Leo nikikupa ntakuwa nnakuridhisha wewe tu, kama mgeni. Radhi ya namna hiyo haimfai maiti."

Bibi yako akaanza kulia, bila sauti, na Sainaba akampa kitambaa na akamwacha alie. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nikasema kwamba mama ni mtu mzima, kwamba safari ilikuwa ndefu, kwamba kuja tu ni ishara. Nilikuwa na maneno mengine mengi.

"Rahma," Sainaba akasema. "Nimekulea. Sikukufunza kumtetea mtu kabla hujamsikiliza aliyeumia." Kisha akasema jambo ambalo nimelichukua kama urithi, ingawa ni chungu: "Nyinyi ni watu wa upole. Hata Bwana, baba yako, alikuwa mpole. Mnapenda mwendo wa pole kwa sababu siku zote yuko mtu anayewangoja mlangoni, na kungoja kwake hamkuoni. Mama yangu alikufa akimngoja mtu aliyekuwa akipika harusini kwa watu wapole."

Bibi yako akauliza arudi lini.

"Ndugu zangu hawatakuja tena kwa ajili yangu. Nendeni salama. Hapana ugomvi."

Akatusindikiza mpaka barabarani. Palikuwa na mfereji wenye ubao mwembamba, akamshika bibi yako mkono, akamvusha, akangoja mpaka tumepata gari. Mpaka leo mkono ule ndio unaoniuma. Angetufukuza ningepata la kulalamikia.

Bibi yako huwahadithia wageni wa Azaiba habari za India. Humtaja fundi mjane, mtoto wa kwenye treni, muuza wanja, na watu hufurahi. Tirur haitaji. Nilipomwambia mwaka huu tumtafute tena Sainaba, hata ikiwa kwa kaka yake Mangalore, aliniambia baada ya baridi. Baridi imepita. Sasa anasema baada ya mfungo. Na kila siku ya khitma ya babu yako watu humwombea, naye huitikia amina akiwa ameinamisha uso.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uichukue kwa mtu ambaye hajajifunza vyema mwenyewe. Nenda India, na nenda polepole. Kaa na watu, kula chao, chukua mtoto wa mtu umpakate. Lakini polepole iwe ya siku zako mwenyewe. Siku uliyomwahidi mtu ni yake, si yako tena. Ahadi ni deni. Ukisema Jumatatu, fika Jumatatu, hata ukifika na miguu iliyovimba, hata ukifika na aibu tupu na huna la kusema. Ukishindwa, mwambie mapema, kwa neno lolote, hata likiwa baya, kwa sababu neno baya huweza kusamehewa na ukimya humwacha mtu akifasiri peke yake. Wazee wametuambia haraka haina baraka, na wazee hao hao wametuambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa muda mrefu nilifikiri wanajipinga. Hawajipingi. La kwanza ni la yule anayekwenda, la pili ni la yule anayengoja, na mtu mwenye nafasi hujichagulia la kwanza akamwachia mwenzake la pili.

Na jambo jingine, ambalo si la safari. Ukimkosea mtu, mwendee wewe mwenyewe wakati mna pumzi nyote wawili. Usimwachie mkeo wala mwanao wasia huo, kwani utawapa mzigo wasiojua kuubeba, nao wataupitisha kwenye kila kituo kwa kuogopa kuutua.

Mungu akujaalie safari njema, Nasri. Akuwafikishe kufika kila ulikoahidi kufika, na akukutanishe na watu wakiwa bado na nafasi yako moyoni. Na siku yako itakapokuja, baada ya umri mrefu, akuchukue ukiwa mwepesi, pasiwe na mtu hai atakayetumwa kukutakia radhi kwa mwenzake. Amin.