Pankrasi kwa Watani Wake wa Kilwa

Mzee Pankrasi wa Bombambili alikuwa mtani wa kuogopwa. Mngoni huyu akisikia kuna msiba kwa Mngindo popote pale Songea, alifika mapema kuliko ndugu wa marehemu, akaingia kaburini na kulala chali, hatoki mpaka wafiwa wampoze kwa chochote. "Watumwa wetu hawa!" alikuwa akifoka, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndio utani huo: Mngoni na Mngindo hutukanana, huuguzana, huzikana, na kukasirika ni marufuku.

Sasa sikia yaliyompata bingwa wetu.

Miaka ile ya Mzee Ruksa, chama cha ushirika kilipodhoofika, Pankrasi alipunguzwa kazini. Binti yake Fausta akajitwika robota la mitumba, akaenda kuuza Kilwa. Mama yake, Kunegunda, alilia waziwazi. Pankrasi alijikaza kiume, lakini usingizi ukamhama. Basi mwezi wa kumi akaja dereva wa lori, Calvin, mtu wa Moshi, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Natoka Kilwa. Binti yako wamemshika wazee wa pale sokoni. Wanasema hawamwachii mpaka baba mtu aende mwenyewe."

"Kwa kosa gani?"

Calvin aliinamisha uso. "Sikuelewa vizuri, mzee wangu."

Weee! Nani angengoja kuelewa? Simu ya Kilwa haikupatikana. Pankrasi akadandia lori la kwenda Mtwara kwa njia ya Tunduru na Masasi, akimezwa na vumbi. Mtwara akapata gari la kupandisha pwani. Walipofika Mikindani, kwenye zile nyumba za mawe za zamani, watalii wawili waliokuwamo wakaomba gari lisimame wapige picha. Nusura awazabe makofi! Lindi ghuba ilikuwa inang'aa, Mchinga bahari ikasogea karibu kabisa na barabara, na abiria mwenzake akamgusa bega amwonyeshe. Bahari ya nini, mtoto wako akiwa kashikwa? Pankrasi aliangalia magoti yake tu, akisali rozari kimoyomoyo.

Kilwa Masoko aliingia sokoni mbiombio. Na nani yule pale? Fausta, amekaa juu ya robota lake, kanenepa, anabishana bei ya shati na mteja. Kabla hajamfikia, mzee mmoja mwenye kofia ya vito iliyodariziwa akamrukia.

"Aa, ndiye wewe uliyemzaa huyu Mngoni! Kapu la panya liko wapi?"

"Panya gani?"

"Mimi Sefu, Mngindo, mtani wako. Tulimwagiza yule dereva: binti tumemshika, hatumwachii mpaka baba mtu aje na kapu la panya wakavu, maana Mngoni bila panya hashibi!"

Soko zima likaangua kicheko. Kumbe Calvin, ambaye kwao utani huo haupo, habari ya panya aliiona tusi, akaona haya kumtamkia mtu mzima. Aliikata.

Pankrasi alikaa chini mchangani, bingwa mzima, akalia kwa furaha mpaka kamasi. Fausta akaja mbio akamkumbatia. "Baba, mimi mzima! Niangalie, mimi mzima!"

Sefu alinywea. "Mtani, jamani, unalia?"

"Funga bakuli lako, mtumwa wewe! Nipe maji ya kunywa."

"Alhamdulillahi," Sefu akasema, "kumbe mtani amepona, anatukana."

Pankrasi alikuwa amekwenda kumrudisha mtoto nyumbani. Lakini siku alizokaa pale aliambiwa kuwa Fausta alipougua malaria, mke wa Sefu alimhamishia kwake, akamlisha uji kwa kijiko na kumwogesha kama mwanawe, huku akimtukania ukoo wake wote. Sefu naye alimvusha mtani wake hadi Kilwa Kisiwani, akamtembeza kwenye magofu ya msikiti wa kale. "Babu zako walipoyaona haya," akamwambia, "walidhani vichuguu." Pankrasi alicheka mbavu zikamuuma, na hapo ndipo alipoiangalia bahari kwa mara ya kwanza. Lo, ilikuwa nzuri!

Alirudi peke yake, kwa njia ya Dar es Salaam. Katika mbuga ya Mikumi ndiye aliyekuwa akiwaamsha abiria: "Twiga! Amkeni nyie, twiga!"

Kunegunda alimpokea mlangoni, akachungulia nyuma yake. Hakuna mtu.

"Baba Fausta, mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha Kilwa, kwa Wangindo."

Kunegunda alishika nguzo ya mlango. "Wanamtukana?"

"Asubuhi na jioni."

Mama wa watu akashusha pumzi ndefu, akaketi kizingitini, akatabasamu. "Basi yuko nyumbani."